Waliposema Mama Amechukuliwa

Sufu iliyoloa maji ikikutana na pasi ya moto hutoa harufu inayofanana na ya mbwa aliyenyeshewa, na ndani yake mna harufu nyingine kidogo ya nywele zilizoungua. Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya alasiri zangu zote katika majira ya baridi nilipokuwa na miaka tisa, mwishoni mwa miaka ya sitini, kwenye nyumba ya matofali mekundu huko Handsworth, mtaa wa Birmingham, Uingereza, ambamo Baba, Mama na mimi tulipanga vyumba viwili vya juu. Chumba cha mbele, chini, kilikuwa cha Bi Vera, mwanamke wa Kirusi aliyeshona na kurekebisha nguo za watu wa mtaani. Jina lake lilikuwa Vera tu. Hilo la Bi alipewa na Mama, aliyesema kwamba mtu mwenye mvi haitwi jina kavukavu hata awe Mzungu. Bi Vera alilipenda. Nadhani alidhani ni cheo. Baba alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha kuyeyusha chuma na Mama alikuwa akipanga skrubu kwenye maboksi katika kiwanda kidogo karibu na mfereji, kwa hiyo nikitoka shule nilikaa kwa Bi Vera, miguu yangu ikielekea jiko lake la makaa, mpaka niliposikia viatu vya Mama mlangoni.

Bi Vera alikuwa amekuja Birmingham baada ya vita kuu ya pili, na Kiingereza alikijua kwa kukipigania. Alikuwa na maoni makali juu ya lugha hiyo. Maneno yake marefu, alisema, hayana shida. Unajifunza mara moja na yanakaa mahali pake. Ya kuogopwa ni yale mafupi. Na katika yale mafupi, lililomtesa kuliko yote lilikuwa "take". Alinifundisha kwa nguo zilizokuwa mezani, pini zikiwa zimebanwa kati ya midomo yake. Gauni likiwa pana unalibana kiunoni, hiyo ni "take in". Pindo likiburuta unalipandisha, hiyo ni "take up". Koti ukilivua ni "take off", na ndege ikiruka kutoka uwanjani ni hiyo hiyo "take off", ingawa hakuna aliyevua kitu. Mtoto aliyefanana na mama yake anasemwa "takes after", na mtu aliyekupenda tangu mlipokutana amesemwa "taken to" wewe. Mwenye nyumba alipotukubali sisi wapangaji, hiyo nayo ilikuwa "take in", kama gauni. Nilipomuuliza mtu anajuaje ni ipi, Bi Vera alitoa pini mdomoni akasema, "Hujui. Unaangalia uso wa anayesema."

Mimi kwa upande wangu nilidhani nina njia ya mkato. "Take" ni kuchukua, basi, na hayo mengine ni madoido. Lakini nyumbani kwetu kuchukua halikuwa neno la kutumia ovyo. Mama akitaka nishike kikombe alisema twaa kikombe. Akitaka nipandishe mzigo juu alisema beba. Kuchukua lilibaki kwa jambo moja. Nilikuwa mdogo, nafikiri sikuwa nimefika miaka mitano, tulipokuwa bado Unguja na watu fulani walikuja nyumbani kwa bibi yangu wakati wa chakula cha mchana wakaondoka na Mjomba Haji, mdogo wake Mama. Sikumbuki nyuso zao. Nakumbuka kwamba Mjomba alinawa mkono wenye wali kabla ya kuondoka, taratibu, kana kwamba anakwenda msikitini. Jioni ile kila aliyeingia aliuliza kwa sauti ya chini na kila mara jibu lilikuwa lile lile: "Haji kachukuliwa." Hakuna aliyesema nani kamchukua wala kapelekwa wapi. Hakurudi. Miezi kadhaa baadaye tuliondoka sisi, na safari yetu ndefu iliishia kwenye vyumba vile viwili.

Watu husema mtoto husahau. Nilisahau mengi, lakini woga niliukuta nyumbani kila siku, umekaa nasi kama mpangaji wa nne. Mtu akibisha hodi, Mama alisimama pale pale alipo, kijiko mkononi, asipumue, mpaka ijulikane ni nani. Baba hakutaka taa ya dirishani iwashwe kabla ya pazia kushushwa. Mimi nilikatazwa kutaja jina la Mjomba nje ya nyumba, hata kwa Kiswahili, hata barabarani ambako hapakuwa na mtu wa kunielewa. Na Kiingereza, badala ya kunipa mahali pa kupumzika, kilinizidishia. Katika nyumba ya jirani aliishi mjane wa Kiingereza aliyepita mara kwa mara kufuata nguo zake kwa Bi Vera. Siku moja nilimsikia akimweleza habari za mumewe: "He was took last winter," yaani alichukuliwa majira ya baridi yaliyopita, namna yao ya kusema alifariki. Alisema huku akifunga vifungo vya koti, wala hakushusha sauti. Nilipoteremka tena kesho yake sikuthubutu kumuuliza Bi Vera. Nilijua nimeelewa. Hata hapa, kwenye mtaa huu wa mvua na maziwa ya chupa, watu huchukuliwa.

Siku yenyewe ilikuwa ya Februari, theluji imeshageuka tope jeusi pembezoni mwa njia. Asubuhi nilimwona Mama ameinama kwenye sinki, mikono yote miwili imeshika ukingo, uso wake una rangi ya majivu. Nilimuuliza ana nini. Akasema, "Baridi tu, mwanangu. Vaa soksi zako." Alinifunga skafu na vidole vyake vilikuwa na joto kupita kiasi. Baba alikuwa ameshatoka. Tuliachana kwenye kona, yeye akaelekea kiwandani akitembea kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa.

Baada ya chakula cha mchana, tukiwa kwenye somo la kusoma, mwalimu mkuu aliingia darasani. Alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye desturi ya kuinama anapozungumza. Aliinama sikioni kwa mwalimu wetu na wote wawili wakanitazama. Nilikuwa nimekaa dawati la mbele, na mtoto aliyelelewa katika nyumba ya kunong'ona husikia minong'ono vizuri kuliko kengele. "Her mom's been taken bad," alisema. "They've taken her in."

Niliyageuza maneno yale kwa Kiswahili papo hapo, kama nilivyozoea kuwafanyia wazazi wangu madukani, moja moja kwa mpangilio wake. Mama yake amechukuliwa vibaya. Wamemchukua, wakamwingiza ndani. Nikautazama uso wa anayesema, kama nilivyofundishwa, na ulikuwa uso ule ule wa watu waliokuja kwa bibi yangu jioni ile kuuliza habari za Haji. Mwalimu akaniambia kwa upole nikavae koti langu, mtu atakuja kunichukua. Akatumia neno lile lile. Nilikwenda kwenye vibanio vya makoti, nikavaa la kwangu, nikafungua mlango wa uani nikakimbia.

Sijui kama niliwahi kukimbia vile tena maishani. Nilipita Soho Road katikati ya wanawake waliobeba vikapu, mbele ya maduka yenye ndizi mbichi na viazi vikuu, basi lilipita karibu yangu likanirushia tope mpaka kifuani. Nje ya hekalu la Masingasinga mzee mmoja alikuwa akikwangua barafu kwenye ngazi, akaniita kwa sauti ya wema nikamwogopa naye pia. Kichwani nilikuwa na hesabu moja tu. Walimchukua Mjomba, na baada ya Mjomba walikuja kuwaulizia wengine waliobaki. Sasa wamemchukua Mama. Waliobaki ni Baba na mimi, na Baba yuko mbali, kwenye kiwanda nisichokijua njia yake.

Bi Vera alifungua mlango akiwa na utepe wa kupimia shingoni. Alianza kuniuliza kwa nini nimerudi mapema, kisha akaona magoti yangu yaliyojaa tope.

"They took Mama," nilisema.

Hapo ndipo nilipobadilisha lugha bila kujua. Kilichosemwa shuleni ni kwamba Mama ameugua. Nilichomwambia Bi Vera, kwa Kiingereza chenye mifupa ya Kiswahili, ni kwamba wamemchukua. Sikutaja kuugua kwa sababu kuugua sikukusikia.

Nilitegemea atacheka kidogo na kunieleza, kama alivyokuwa akinieleza habari za magauni. Badala yake nilimwona akizeeka mbele yangu. Mkono wake ulikwenda mdomoni na akatamka neno moja la Kirusi, "vzyali", kwa sauti niliyoifahamu vizuri ingawa neno sikulifahamu.

"Wangapi?" aliniuliza. "Kwa gari?"

"Sijui."

"Wanajua unakaa hapa?"

"Wanajua. Shule wanajua."

Hakuniuliza lingine. Alifunga mlango wa barabarani kwa kitasa na kwa komeo, akachomoa pasi, akashusha pazia. Alifanya yote bila pupa na bila kugongagonga, kama mtu anayerudia kazi aliyoijua zamani. Kisha alinifunika mtandio wake wa sufu kichwani na mabegani, akaufunga kifundo chini ya kidevu, akanishika mkono na kuniteremsha kwenye chumba cha makaa kilichokuwa chini ya nyumba, ambacho mlango wake ulikuwa chini ya ngazi. Tulikaa juu ya magunia, ubavu kwa ubavu. Mwanga uliingia kwenye tundu dogo la usawa wa barabara, pale wauza makaa walipokuwa wakimimina mizigo yao, na kupitia hapo tuliona viatu vya watu wakipita. Kila kiatu kilipopunguza mwendo, Bi Vera alinibana mkono. Nilikuwa nimekuja kwake ili anitoe woga. Sasa nilisikia moyo wake ukipiga kupitia nguo na nikaelewa kwamba jambo lile ni la kweli, maana hata mtu mzima analiogopa. Sijawahi kuhisi baridi kama ile.

Viatu vyeusi vikubwa vilisimama mbele ya tundu. Tukasikia kubisha, mara ya kwanza kwa ustaarabu, halafu kwa nguvu. Nilijua ni askari kabla hajasema kitu. Nilifunga macho nikajaribu kufikiria Mjomba alivyonawa mkono, nikajiuliza kama nami nitaweza kutulia vile.

"Kuna mtu?" aliita askari kupitia tundu la barua la mlangoni. Sauti yake ilikuwa ya kijana, yenye lafudhi nzito ya Birmingham. "Natafuta mtoto mdogo wa kike, wa wale wa ghorofani. Shule wanahangaika. Baba yake anahangaika."

Tulijikunyata juu ya magunia. Alizunguka, akarudi, akainama kwenye tundu la makaa. Nadhani aliona ukingo wa mtandio, kwa sababu alipozungumza tena alizungumza polepole, kama unavyozungumza na paka aliyejificha.

"Mama," alimwambia Bi Vera, "sina ubaya. Huyo mtoto anatakiwa na baba yake."

Bi Vera akauliza kutoka gizani, "Who took her? Mama yake. Nani kamchukua?"

Askari akasema, kwa mshangao wa kweli, "Nobody took her, missus. She was took bad." Akaona hatujaelewa, akajaribu upya. Akasema Mama alianguka kazini kwa maumivu ya tumbo, gari la wagonjwa likampeleka hospitali, madaktari wako naye sasa hivi. Anaumwa. Kazini wamempigia simu Baba na Baba yuko huko hospitalini, na hakuna anayejua mtoto yuko wapi.

Nilimtazama Bi Vera. Alikuwa ameelewa kabla yangu. Niliona midomo yake ikirudia "took" na "took bad", kila moja mahali pake. Lakini hakuinuka. Hapa ndipo ninaposimama kila ninapoikumbuka siku ile. Alikuwa na sababu za kumwamini yule kijana, na maneno yake yote yalikaa sawa, na bado mwili wake ulikataa. Sare ilikuwa sare. Watu waliokuja mahali pengine, zamani, nao walikuwa na maneno yanayokaa sawa. Alikaa akitazama viatu vile kwa muda ambao kwangu haukuwa na mwisho. Halafu akasema nami kwa kunong'ona, "Nikisema kimbia, unatoka mlango wa nyuma." Akainuka, akapanda ngazi akiwa amenishika mkono, akafungua komeo.

Askari alikuwa na masikio mekundu kwa baridi na alikuwa amevua kofia yake. Alinyoosha mkono kunishika nami nikajificha nyuma ya sketi. Bi Vera alimwambia kwamba mtoto hatakwenda na mtu peke yake, watakwenda wote. Alitoka vile vile, na utepe wa kupimia shingoni na ndara za nyumbani miguuni, akakanyaga tope la theluji mpaka kwenye gari, na njia nzima aliukalia ukingo wa kiti, mkono wake mmoja kwenye kitasa cha mlango.

Baba alikuwa kwenye ujia wa hospitali, mikono bado ina masizi ya kiwandani. Aliponiona hakuja kunikumbatia. Alikaa chini sakafuni, pale pale, mgongo ukutani.

"Ulikuwa wapi, mwanangu?"

"Walisema Mama kachukuliwa."

Baba alifunga macho. "Mama'ko mgonjwa," alisema. "Ni mgonjwa tu. Kidole tumbo kimepasuka, wamempasua." Na ni ajabu hata kuisema leo, lakini nilifurahi. Mgonjwa tu. Ugonjwa ulikuwa na daktari, na kitanda, na mlango unaojulikana uko wapi. Sikujua kwamba madaktari walikuwa hawajamhakikishia Baba kama Mama ataamka. Baba alilijua hilo akanificha, akaniacha nikae nimeegemea bega lake nikiwa nimefurahi, mpaka jioni.

Mama aliamka. Watoto hawakuruhusiwa kuingia wodini siku zile, kwa hiyo muuguzi alifungua mlango akaushikilia, nikasimama kizingitini. Mama alikuwa mbali, kitanda cha mwisho, mdogo sana kati ya mashuka. Aligeuza kichwa. Aliniangalia kisha akauliza, kwa sauti iliyonifikia kwa shida, "Nani kakufunga mtandio hivyo?" Nikamwonyesha kwa kidole Bi Vera, aliyekuwa amesimama nyuma yangu akijaribu kuzificha ndara zake zilizoloa. Mama akainua mkono wake kidogo kutoka kwenye shuka, na Bi Vera akainua wa kwake.

Mama alikaa hospitali wiki kadhaa, na katika wiki hizo Bi Vera alitupikia supu nyekundu ya bitiruti ambayo Baba aliila kwa heshima na pilipili nyingi. Ilikuwa katika moja ya jioni hizo, nikimshikia uzi, aliponiambia habari za mumewe. Hakunihadithia sana. Walikuja mchana, yeye akiwa kwa mama yake, na aliporudi jirani alimwambia neno lile moja, "vzyali", wamemchukua. Katika lugha yao, alisema, neno hilo linatosha, huna haja ya kusema nani wala wapi. Nikamwambia hata sisi. Tukatazamana, yule mwanamke wa zaidi ya miaka sitini na mimi wa miaka tisa. Kisha akaniambia niunyooshe uzi, umelegea.

Nimeishi Birmingham umri wangu wote uliobaki. Bi Vera alikufa nikiwa bado sekondari. Mama aliishi mpaka akawa bibi kizee huko Hodge Hill, mwenye Kiingereza cha kutosha kugombana na dereva wa basi, na mpaka siku za mwisho alisimama kimya mtu akibisha hodi. Habari za Mjomba Haji hazikuja. Zamani niliamini kwamba nikikijua Kiingereza vizuri woga utaondoka, kwa vile ulikuwa umeingia kwa mlango wa maneno. Nimekijua. Nimefundisha watoto wa Waingereza wenyewe. Naweza kukueleza matumizi ya "take" mpaka chai ipoe, na bado muuguzi akinipigia simu na kuanza kwa sauti ya upole, huwa nimeshatafuta kiti kabla hajafika kwenye kitenzi.

Mwaka uliopita jirani yangu hapa Bordesley Green, Mama Furaha, Mkongo aliyekuja na watoto wake kutoka Bukavu, aligonga mlango wangu jioni moja bila viatu. "Balimukamata," alisema. "Furaha. Balimukamata." Kwao kukamata ni kuchukua, neno la kila siku, wanasema kamata kiti, kamata chai, na binti yake alikuwa amechelewa kutoka shule kwa saa moja na nusu tu, na simu yake haipokelewi. Mtaa ulikuwa umetulia, taa zimewaka, watu wanarudi na mifuko ya sokoni. Zipo siku ambazo mtu wa umri wangu angemwambia apunguze wasiwasi, hapa ni Uingereza, hakuna mambo hayo. Nilimvuta ndani. Nikafunga mlango, nikakaa karibu naye kwenye sofa, nikamshika mikono yote miwili, wala sikumweleza chochote. Baada ya muda tukamsikia Furaha barabarani akicheka na wenzake. Aliingia na begi la michezo begani, akasikiliza maneno yote ya mama yake kwa Kiswahili cha Kongo, akajibu kwa Kiingereza kwamba alikuwa mazoezini na simu iliisha chaji, kwani kuna nini. Yule binti alitutazama sisi wawili, wanawake wazima tulioshikana mikono kwenye sofa, na nikaona kwamba hakuelewa tunaogopa nini. Nikashukuru. Alikwenda kutafuta chakula jikoni kwangu, nami nikaendelea kuishika mikono ya mama yake mpaka ilipotulia.